Dakika Kumi na Tano za Kueleza Maji: Jinsi Ninavyojifunza Kuwasilisha Mada za Kisayansi

Vyuo vyetu vya sayansi na uhandisi humfundisha mwanafunzi kuandika ripoti kwa miaka mingi, kisha mwishoni humwambia asimame mbele ya jopo la watahini aieleze ripoti hiyo kwa dakika kumi na tano, kana kwamba kuandika na kusema ni kazi moja. Msomaji akipotea kwenye ukurasa wa 12 hurudi ukurasa wa 9, akatazama tena jedwali, akanywa chai yake, akaendelea. Msikilizaji akipotea katika dakika ya tatu hana pa kurudi, na kila sentensi inayofuata humkuta akiwa bado anahangaika na ile iliyopita. Karibu kila ninachokiamini kuhusu uwasilishaji wa mada za kiufundi kimetokana na tofauti hiyo, na sehemu kubwa ya ushauri unaotolewa kwenye semina, kama vile namna ya kusimama, mahali pa kuweka mikono na umuhimu wa kutabasamu, naona ni wa kusaidia tu, si wa msingi.

Mimi nashughulika na maji ya kunywa katika vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru, ambako tatizo kubwa haliko kwenye uchafu unaoonekana bali kwenye floraidi. Miamba ya volkano ya eneo hilo, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa, huachia madini hayo ndani ya chemchemi na visima, na maji huendelea kuwa maangavu na yasiyo na ladha mbaya huku yakiwa na kiasi kinachozidi mara kadhaa kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu hadi miligramu 4, kwa kuwa vijiji vingi havikuwa na chanzo kingine, kabla ya kiwango hicho kushushwa hadi 1.5. Mtoto anayekua kwa maji hayo huota meno yenye madoa ya kahawia, na mtu anayekunywa kiasi kikubwa zaidi kwa miaka mingi anaweza kupata ulemavu wa mifupa. Mada hii nimeieleza mbele ya watahini, wahandisi wenzangu, wafadhili na mikutano ya vijiji, na kila kundi limenilazimisha kuipanga upya.

Kabla mada haijaanza kuna dakika zinazopotea. Utaratibu wa vikao vyetu humtaka msemaji awatambue mgeni rasmi, mwenyekiti wa kikao, wakurugenzi, maprofesa na wageni waalikwa, kila mmoja kwa cheo chake, na anayechanganya mpangilio huonekana hakufundwa. Heshima hiyo naithamini, lakini katika dakika kumi na tano inaweza kula mbili, na kwa bahati nzuri lugha yetu ya vikao imeshatupatia dawa yake: «Mwenyekiti, itifaki imezingatiwa.» Ukishasema hivyo hakuna atakayeona kwamba umemdharau. Kinachofuata hapo kisiwe slaidi ya yaliyomo, inayotangaza kuwa kutakuwa na utangulizi, mbinu, matokeo na hitimisho, kwa maana hakuna msikilizaji aliyedhani kwamba hayatakuwapo.

Kinachopaswa kufuata ni jibu. Tasnifu hupangwa kwa namna ambayo matokeo hukaa sura ya nne, na wengi hubeba mpangilio huo hadi jukwaani, wakatumia nusu ya muda kusimulia historia ya tatizo na maandiko ya waliotangulia, kisha mwenyekiti anainua karatasi ya «dakika mbili» wakati matokeo ndiyo kwanza yanatokea ukutani. Kijana mmoja tunayefanya naye kazi ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa, yaani mifupa iliyochomwa ambayo maji hupitishwa ndani yake, alikuwa ameandaa sentensi ya kufungulia iliyosema: «Utafiti huu ulilenga kutathmini ufanisi wa mkaa wa mifupa ya ng'ombe katika uondoaji wa floraidi kwenye maji ya kunywa katika ngazi ya kaya.» Kwa karatasi ni sentensi nzuri, haina kosa la sarufi wala la sayansi. Tulikaa nayo mchana mzima, yeye akiisema kwa sauti na mimi nikimuuliza «kwa hiyo?», mpaka ikawa: «Ndoo moja ya mkaa wa mifupa inaweza kuipa familia maji salama kwa miezi kadhaa, lakini mkaa ukichoka maji hayabadiliki rangi wala ladha, na hapo ndipo hatari ilipo.» Anayesikia sentensi hii ya pili tayari anajua asubiri nini: atataka kujua mkaa huchoka lini, na mtumiaji atajuaje. Maswali hayo mawili ndiyo yaliyokuwa matokeo ya utafiti wake, na kwa hiyo mbinu, ambazo hapo awali zilikuwa mzigo wa dakika tano, zikageuka kuwa maelezo ambayo msikilizaji ameyaomba mwenyewe.

Mfano unaonitia hofu zaidi kuhusu mpangilio wa habari ni wa chombo cha anga cha Columbia. Kiliporushwa tarehe 16 Januari 2003, kipande cha povu la kuhami joto kilibanduka kwenye tangi la nje la mafuta kikagonga bawa la kushoto. Chombo kikiwa bado angani, wahandisi wa Boeing waliwaeleza viongozi wa NASA kwa slaidi uwezekano wa bawa hilo kuwa limedhurika. Slaidi moja kati ya hizo, ambayo baadaye ilichambuliwa katika ripoti ya bodi ya uchunguzi iliyotolewa Agosti 2003, ilikuwa na kichwa cha maneno ya kutuliza, ikashusha chini yake vipengele ndani ya vipengele, na mwishoni kabisa ikataja kwamba kipande kilichogonga bawa kilikadiriwa kuwa na inchi za ujazo 1,920, ilhali majaribio yaliyotegemewa yalitumia kipande cha inchi za ujazo 3. Yaani majaribio hayakuwa na la maana la kusema kuhusu tukio lenyewe, kwa sababu kilichogonga kilikuwa kikubwa zaidi ya mara 600. Habari hiyo ilikuwapo ukutani na hakuna aliyeificha, ila ilikaa mahali ambapo msikilizaji aliyechoka hafiki. Tarehe 1 Februari Columbia ilisambaratika ikirejea duniani na wanaanga wote saba wakafa. Siwezi kudai kwamba slaidi ndiyo iliyowaua, kwani bodi ilitaja sababu nyingi za kiufundi na za kiutawala, lakini tangu niisome habari hiyo kila slaidi yangu naikagua kwa kuangalia mstari wa mwisho wenye maandishi madogo, nikijiuliza kama huo ndio uliopaswa kuwa kichwa.

Grafu ndiyo sehemu ninayoipa muda mwingi kuliko zote. Grafu yetu kuu huonyesha kuchoka kwa kichujio: mhimili wa mlalo ni lita za maji zilizokwisha kupita kwenye mkaa, na mhimili wa wima ni miligramu za floraidi zilizobaki katika kila lita inayotoka. Mstari hutambaa chini karibu na sifuri kwa kitambo kirefu, kisha huanza kupanda, kwanza kidogo kidogo na baadaye kwa kasi, mpaka maji yanayotoka yanakaribia kufanana na yanayoingia. Mtafiti aliyeishi na grafu hiyo mwaka mzima huisoma kwa kutupa jicho, na ndiyo maana hukimbilia kusema «kama mnavyoona, kichujio kinafanya kazi vizuri». Ningekuwa na mamlaka ningepiga marufuku maneno hayo «kama mnavyoona», kwa sababu karibu kila mara hutamkwa pale ambapo watu hawajaona kitu. Mgeni wa grafu ana mstari uliopinda na maandishi madogo pembeni, basi.

Siku hizi naieleza hivi, na naieleza polepole: «Chini hapa ni lita tulizopitisha, tukianzia sifuri kushoto. Huku pembeni ni floraidi iliyobaki kwenye maji ya kunywa. Juu ni kubaya, chini ni kuzuri. Mstari huu mwekundu ulionyooka ni kikomo cha miligramu 1.5. Sasa naomba mtazame nukta hii moja tu: tumeshapitisha lita mia moja, na maji yanayotoka bado yako chini kabisa. Nukta hii nyingine, lita mia sita, bado tuko chini ya mwekundu. Na hapa mstari wetu unaukata mwekundu. Mkaa unatakiwa kubadilishwa kabla ya kufika hapa.» Kisha nanyamaza. Kunyamaza huko kunachukua muda wa kuvuta pumzi mara moja au mbili, na mwanzoni humwogopesha msemaji kwa kuwa anadhani ukumbi utamwona amesahau, kumbe wakati huo ndipo watu wanapoisoma grafu. Ikiwa kuna mistari mitatu, kwa mfano ya mkaa uliochomwa kwa joto tofauti, naanza na mmoja peke yake, na mingine naileta baadaye mmoja mmoja, kwa maana ukumbi ukiona mitatu kwa pamoja utaanza kutafuta upi ni upi na hautakusikia tena.

Mambo mengine ya slaidi nayapitia haraka. Rangi ya njano hupotea kabisa kwenye projekta iliyochoka katika ukumbi ambao mapazia yake hayafungi. Jedwali lililohamishwa kutoka kwenye ripoti kama lilivyo halisomeki na yeyote aliyekaa nyuma ya safu ya pili. Na kwa kuwa umeme hukatika bila kumuuliza mwenyekiti wa kikao, msemaji anatakiwa aweze kuuchora mstari wake mkuu ubaoni au kwenye karatasi ya ukutani kwa kalamu moja, jambo ambalo ni mtihani mzuri wa kujua kama mwenyewe anauelewa.

Tarakimu nazo zina tabia yake zikisemwa. Masikio hayashiki desimali mbili, na asilimia mara nyingi huficha kile kinachotakiwa. Tuseme maji yaliingia na miligramu 9 kwa lita yakatoka na 0.8. Mtu anaweza kutangaza «ufanisi wa asilimia 91.1» na kupigiwa makofi, lakini ufanisi huohuo kwenye kisima chenye miligramu 20 huacha karibu 1.8, ambayo bado imezidi kikomo. Kwa hiyo nasema kilichoingia, kilichotoka na kinachoruhusiwa, tarakimu tatu, kwa mpangilio uleule kila mara, na asilimia naiacha kwenye ripoti anakoishi msomaji mwenye kikokotoo.

Wapo wanaoamini kwamba kusema vizuri ni kipaji cha kuzaliwa, na hao huwa nawatajia Michael Faraday, mwanasayansi Mwingereza wa karne ya 19. Alikuwa mtoto wa mhunzi, akasomea ufundi wa kujalidi vitabu, na hakupita chuo kikuu chochote kabla ya kuajiriwa katika Royal Institution, taasisi ya sayansi ya London, mwaka 1813. Mwaka huohuo, akiwa bado msaidizi wa maabara, alimwandikia rafiki yake Benjamin Abbott barua kadhaa zinazochambua mihadhara ya watu wengine: hewa ya ukumbi, milango ya kutokea, ukubwa wa michoro na vifaa mezani, na kwamba saa moja inatosha. Alimlaumu pia mhadhiri anayeshuka hadhi kwa kuwinda makofi. Baadaye alilipia masomo ya usemaji kwa mwalimu Benjamin Smart, na kwa miaka mingi alizoea kuwekewa mbele yake kadi yenye neno la kumkumbusha aende polepole, na nyingine ya kumjulisha kwamba muda unakaribia kwisha. Huyu ndiye aliyekuja kutoa mfululizo wa mihadhara ya Krismasi kwa vijana mara 19, na kwa wengi ndiye kipimo cha mhadhiri wa sayansi. Kadi ya «polepole» nimeiiga bila aibu, ila mimi naiandika kwenye karatasi ya manjano inayobandikwa juu ya kompyuta mpakato.

Mazoezi yenye faida ni ya kusimama na kusema kwa sauti, kwa sababu anayepitia slaidi kimyakimya akiwa ameketi husoma kwa kasi ya macho, akajidanganya kwamba zimetosha muda. Simu ikiwekwa mezani ikarekodi, itakuonyesha mambo ambayo rafiki angeona haya kuyasema: «kwa hiyo» kila baada ya sentensi, sauti inayozama mwishoni pale ambapo ndipo neno muhimu lilipo, na mgongo unaogeuziwa watu ili kuusomea ukuta. Baada ya simu, mtafute msikilizaji ambaye si wa fani yako. Ofisini kwetu watu wa kazi hiyo ni wahasibu, ambao hawana huruma na mtu anayeshindwa kueleza fedha na muda vinakwenda wapi.

Mkutano wa kijiji, hata hivyo, ni darasa gumu kuliko jopo lolote la watahini, na ninaupenda kwa sababu hiyo. Hakuna projekta, watu wamekaa chini ya mti au kwenye madawati ya shule, mwenyekiti wa kijiji amekukaribisha baada ya ajenda nyingine mbili ndefu, na wazee waliokaa mbele wameshawahi kuwasikia wataalamu wengi waliokuja na kuondoka. Unawaamkia kwanza, unajitambulisha umetokea wapi, kisha unaanza na meno, kwa kuwa hayo kila mtu anayajua. Kueleza kwa nini mkaa huchoka nilikuwa nikitumia mfano wa daladala: ndani ya mkaa kuna viti, floraidi inapopita inakaa, na viti vikijaa abiria anayefuata anapita moja kwa moja hadi kwenye kikombe chako. Mama mmoja akanyanyua mkono akasema kwa utulivu kwamba daladala haijawahi kujaa, kondakta huongeza tu. Watu walicheka sana, na alikuwa na haki; mfano wangu ulikuwa unawafundisha kwamba kichujio kinaweza kubanwa kikaendelea. Sasa nasema basi la levo siti, lisilobeba abiria wa kusimama, na hakuna aliyebisha tena, lakini funzo nililolipata ni kwamba kila mfano una upande mmoja unaodanganya, na ni afadhali msemaji autafute mwenyewe kabla hajatafutiwa.

Maswali ya vijijini pia yamenipangia mada upya. Swali la kwanza karibu kila mahali ni kama kuchemsha kunatosha, na jibu ni hapana: kuchemsha huua vijidudu, lakini floraidi haitoki na mvuke, na maji yanapopungua sufuriani kiasi chake kwa lita huongezeka. La pili ni kama meno ya watu wazima yatarudi kuwa meupe. Hayatarudi, kwa sababu madoa huingia wakati meno yanajengeka utotoni, na kwa hiyo anayefaidika zaidi ni mtoto ambaye meno yake ya ukubwani bado hayajaota. La tatu ni mifupa ya mnyama gani, na hilo si swali la kemia hata kidogo, bali ni la imani na la heshima. Anayelijibu kwa kuguna au kwa kutabasamu amekwisha kupoteza nusu ya mkutano. Majibu ya maswali hayo zamani niliyaweka mwishoni, kama nyongeza, na sasa yamo ndani ya dakika tano za mwanzo. Nimegundua kwamba hata wahandisi huyahitaji, ingawa wao huona haya kuuliza kuhusu kuchemsha.

Kipindi cha maswali chenyewe huogopwa kuliko inavyostahili. Ninapowafundisha wenzangu huwasimulia habari za Erasto Mpemba, ambaye mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu uliowekwa kwenye friza ukiwa moto unaganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuwa umechemshwa. Mwalimu mmoja alimwambia amechanganyikiwa, na mwingine baadaye akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipokwenda kutoa mhadhara katika shule ya Mkwawa, Iringa, ambako Mpemba alikuwa akisoma wakati huo, Mpemba alisimama akauliza swali lake mbele ya wenzake waliomcheka. Osborne hakujifanya anajua na hakumfukuza; alisema atajaribu. Huko Dar es Salaam fundi wa maabara alileta matokeo kwamba kweli ya moto yaliganda kwanza, akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi, maneno ambayo hunichekesha kila nikiyakumbuka. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education, na wanafizikia hadi leo wanabishana kuhusu jambo hilo. Ninachowataka wenzangu wakichukue hapo ni mwenendo wa Osborne jukwaani: kulirudia swali ili ukumbi mzima ulisikie, kutenganisha kilichopimwa na kinachodhaniwa, na kusema «hilo hatujalipima» kwa sauti ileile uliyotumia kusema uliyoyapima. Mtahini hamwangushi mtu kwa jibu hilo. Humwangusha anayezunguka.

Mwezi ujao natakiwa kuzungumza mbele ya baraza la madiwani, ambao hawataamua kama kemia yetu ni sahihi bali kama fedha za kubadilishia mkaa zitaingia kwenye bajeti, na nimepewa dakika kumi. Slaidi ya kwanza itakuwa gharama ya mkaa kwa kaya kwa mwaka, na ya pili ni grafu ileile ya kuchoka kwa kichujio ikiwa na mstari mmoja tu. Ile ya joto la tanuri nimeihamishia nyuma ya «asanteni», imsubiri atakayeuliza. Mwenzangu ananishauri niende na glasi mbili, moja ya maji yaliyochujwa na nyingine ya maji ya kisimani, ili waheshimiwa wajionee kwamba hazitofautiani. Mimi naona zitatuletea mzaha wa nani anywe ipi na kutula dakika mbili. Tutazijaribu njia zote mbili Alhamisi mbele ya wahasibu.